Uzi: Kukodi kotegi ya kujipikia Lake District, chagua bonde kwanza nyumba baadaye

Mpenda_Vilima (mleta uzi)

Wanajamvi habari zenu. Kila likizo za shule zikikaribia hapa Uingereza napata meseji za watu wanauliza kuhusu zile kotegi za Lake District, zile nyumba za mawe unakodi nzima mnakaa familia mnapika wenyewe, sasa nimeona niweke uzi kabisa tuongee wote na wenye uzoefu wao wachangie. Mimi naishi kaskazini mwa England, ule mkoa naupenda sana na nimeshakaa nyumba za mabonde tofauti, kwa hiyo ninachoandika ni vile vitu ambavyo tangazo halikwambii kabla hujalipa hela yako.

Ushauri wangu mkubwa nautanguliza. Chagua bonde kwanza, nyumba baadaye. Wengi wanafanya kinyume, mtu anaingia kwenye saiti anaona sebule ina stovu ya kuni na dirisha linatazama mlima, anabuki, halafu ndo anafungua ramani. Ile sehemu iko Cumbria, ni hifadhi ya taifa tangu 1951 na UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 2017, ukubwa wake kama kilomita za mraba 2,362 hivi. Kwenye ramani unaona ni padogo tu, unasema nikikaa popote nitafika kokote. Hapo ndipo watu wanaumia, kwa sababu milima mirefu imekaa katikati na mabonde yanatokea pale katikati kwenda pande zote kama njiti za gurudumu la baiskeli, na barabara zinafuata mabonde. Ukitaka kutoka bonde moja kwenda lingine mara nyingi inabidi utoke mpaka nje kabisa, uzunguke, ndo uingie tena.

Chukulia Seathwaite, mwisho wa bonde la Borrowdale, na Wasdale Head upande wa pili wa mlima. Mtembea kwa miguu anavuka pale Sty Head, njia ya kupita kati ya milima, anatokea ng'ambo ndani ya saa chache, ila mwenye gari anazunguka zaidi ya saa moja kwenye barabara nyembamba. Sasa fikiria umebuki nyumba Wasdale kwa sababu picha ilikuwa nzuri, na watoto wanataka kupanda boti za Windermere. Utakuwa dereva wiki nzima.

Na njia ya mkato ipo kweli, inaitwa Hardknott Pass, inakutoa Eskdale kuja upande wa Ambleside. GPS inaipenda sana ile njia kwa sababu kwa kilomita ni fupi. Mteremko wake unafika mita moja juu kwa kila mita tatu mbele, gari moja tu linapita, kona zimejikunja, na ukikutana na mwenzako mmoja anarudi nyuma kwenye mlima. Kama gari limejaa familia na mizigo ya wiki, tafadhali zunguka. Ni nzuri sana kuitazama, juu pale kuna mabaki ya ngome ya Warumi ya karne ya 2, lakini sio njia ya kufikia nyumba jioni mvua inanyesha.

Basi nitasema mabonde ninavyoyaona mimi. Upande wa Windermere, Bowness na Ambleside ndo kwenye kila kitu, treni inafika, mabasi yapo, maduka yapo, ziwa lenyewe ni kubwa kuliko yote England, urefu kama kilomita 17. Wanaokwenda mara ya kwanza na watoto nawapeleka huku bila kusita, ila Agosti foleni na parking zinachosha. Grasmere na Hawkshead ni vijiji vya kupendeza, karibu na Hawkshead ndo kuna Hill Top, shamba alilonunua Beatrix Potter, yule mwandishi wa vitabu vya watoto, mwaka 1905, na yule mama alipofariki 1943 aliwaachia National Trust, shirika la kutunza ardhi na majengo ya kihistoria, zaidi ya eka 4,000 na mashamba yake, ndo maana mpaka leo unaona kuta za mawe na kondoo wa Herdwick pale pale walipokuwa badala ya mahoteli.

Keswick ndo kipenzi changu. Ni mji wa kweli, una soko, una supamaketi, una hospitali ndogo, ziwa la Derwentwater liko mwendo wa miguu tu na Borrowdale inaanzia hapo. Ukipata kotegi ndani ya Keswick au vijiji vya jirani unaweza ukaacha gari siku nzima. Ullswater kuna utulivu zaidi na meli zake, zinasafiri pale ziwani tangu 1859. Langdale ni kwa wapanda milima. Wasdale na Eskdale ni kwa mtu anayetaka kimya kabisa na yuko tayari kukosa duka, na kwa huyo mtu hakuna mahali pazuri kuzidi pale kwa maoni yangu.

Nitaendelea na mambo ya nyumba zenyewe, ila karibuni kwanza.

binti_wa_bandarini

Asante sana mleta uzi, umenifungua macho. Mimi nilikuwa naangalia nyumba Eskdale na mpango wangu ulikuwa kila siku twende Keswick, kumbe ningejiua na barabara. Swali langu la malipo, je wanataka hela yote mwanzoni? Na nitajuaje kama nyumba ipo kweli maana hizi picha za intaneti mtu anaweza akaiba popote.

Mpenda_Vilima

Dada hapo umeuliza la msingi. Kawaida unalipa sehemu kwanza kushika nafasi, kilichobaki unamalizia wiki kadhaa kabla ya kufika, tarehe itakuwa kwenye masharti. Soma kipengele cha kughairi kabla ya kulipa, maana nyumba za huku ukighairi karibu na siku yenyewe mara nyingi hela imekwenda.

Kuhusu utapeli, chukua picha ya nje ya nyumba uitafute mtandaoni, ikitokea kwa jina lingine na mji mwingine kimbia. Tafuta jina la nyumba lenyewe, kotegi za huku zina majina na nyingi ziko kwenye saiti zaidi ya moja kwa miaka, na mapitio ya wageni wa nyuma yanaonekana. Mtu akikwambia utoke nje ya saiti umtumie hela benki moja kwa moja ili akupunguzie bei, achana naye. Ukiweza lipa kwa kadi ya kredeti, kwa sababu sheria ya mikopo ya 1974 kifungu cha 75 inaifanya kampuni iliyokupa kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka pauni 30,000, ingawa ukipitia mtu wa kati wakati mwingine inaleta ubishi, kwa hiyo uliza kwanza ni nani hasa anapokea hela.

mtembezi_wa_kaskazini

Mkuu hapo kwenye bonde umenena. Naongezea la hali ya hewa maana ndo linaharibu likizo za wengi. Pale Seathwaite ndo panahesabika kuwa sehemu yenye mvua nyingi kuliko zote zinazokaliwa na watu England, zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Na sio kwamba ukienda Julai umepona. Ukichagua kotegi jiulize swali moja, tukifungiwa humu siku mbili na mvua tutaishije? Sebule inatosha watu wote kukaa pamoja? Kuna mahali pa kuanika makoti na viatu vilivyolowa? Tangazo likisema inalala watu sita, angalia kama wawili wao wanalala kwenye kochi sebuleni, maana hapo asubuhi hakuna mtu anaweza kukaa mpaka hao waamke.

Na wale wa Disemba, jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Juni linazama karibu saa nne kasoro usiku. Hizo ni likizo mbili tofauti kabisa kwenye nyumba ile ile. Mimi Juni nabeba mapazia ya giza ya kubandika dirishani kwa ajili ya watoto, vinginevyo hawalali.

Mama_Wawili

Nichangie upande wa watoto wadogo jamani maana sisi tunaenda kila mwaka na hawa wangu.

Zile kotegi nyingi zimejengwa zamani sana, kuta nene, madirisha madogo, ngazi zimesimama wima kweli kweli na milango mifupi. Kama una mtoto anayetambaa uliza kama kuna geti la ngazi, na uulize la juu na la chini maana wengine wana moja tu. Uliza kitanda cha mtoto, wengi wanacho ila shuka zake unakuja nazo. Uliza bustani imezungushiwa uzio au la, maana picha inaonesha majani mazuri na kijito kinapita pembeni, mpiga picha anaona uzuri, mimi naona mtoto wa miaka miwili na maji. Kijito cha mlimani mvua ikinyesha kinajaa haraka sana.

Stovu ya kuni nayo uliza kama ina kizuizi mbele. Ile chuma inaunguza na wala haionekani kama imewaka.

Kitu kingine, sheria ya gari hapa mtoto anakaa kwenye siti yake mpaka afike miaka 12 au urefu wa sentimita 135, kinachotangulia, kwa hiyo kama mnakuja na ndugu kwenye gari lao hesabuni siti kabla ya safari.

Siku za mvua sisi tunapanda kile kitreni kidogo cha Ravenglass kwenda Eskdale, kipo tangu 1875, kinaenda kilomita 11 hivi, watoto wanakipenda kupita kiasi. Keswick kuna makumbusho ya penseli, kwa sababu madini ya kutengenezea penseli yalichimbwa hapo juu Borrowdale, na yenyewe ni ya ndani haina habari na mvua.

msee_wa_highlands

Sasa wadau, kuna mtu amewahi enda bila gari? Mimi sina, na bei ya kukodi gari wiki nzima inafika karibu nusu ya bei ya nyumba.

mtembezi_wa_kaskazini

Inawezekana kabisa kaka, ila hapo ndo suala la bonde linakuwa kila kitu. Treni kutoka London Euston inakushusha Oxenholme kwa kama saa tatu, unabadilisha unaingia Windermere. Au unashuka Penrith unapanda basi kwenda Keswick. Basi namba 555 ndo uti wa mgongo, linatoka Kendal linapita Windermere, Ambleside, Grasmere mpaka Keswick. 599 ni la ghorofa la wazi juu, Bowness mpaka Grasmere. 78 linaingia Borrowdale mpaka Seatoller. 516 linaingia Langdale kutoka Ambleside. Nauli England imewekewa kikomo cha pauni 3 kwa safari moja tangu Januari 2025 kwa mabasi yaliyomo kwenye mpango.

Kwa hiyo tafuta kotegi iliyo mwendo wa miguu kutoka kituo cha moja ya hayo, na usiamini neno "karibu" kwenye tangazo, pima mwenyewe kwenye ramani na uangalie kama kuna kilima. Kilomita moja na nusu za kupanda na mifuko ya supamaketi sio karibu. Angalia pia ratiba ya basi la mwisho kwa msimu unaoenda, maana ya kiangazi na ya baridi hazifanani.

msee_wa_highlands

Shukrani sana. Na chakula je? Unabeba chote ama unanunua huko?

Mpenda_Vilima

Vyote viwili. Windermere kuna supamaketi ya Booths pale pale kwenye jengo la zamani la stesheni, unashuka kwenye treni unaingia dukani. Keswick nayo ipo Booths. Kendal kuna supamaketi kubwa zaidi, wenye magari wengi wanasimama hapo kabla hawajaingia mabondeni. Supamaketi nyingine zinaleta mpaka mlangoni ukiagiza mtandaoni, ila weka postikodi ya kotegi kwanza uone kama wanafika, na panga muda uwe baada ya saa kumi jioni maana kabla ya hapo hamjaruhusiwa kuingia na dereva hatasubiri.

Viungo, mafuta na chumvi beba vya kwenu vidogo vidogo. Kotegi nyingi mnakuta chumvi na pakiti ya chai na maziwa ya kukaribishwa, nyingine hata hivyo hamna. Na wale wanaopika chakula cha sufuria moja cha watu wengi, waulize wenye nyumba ukubwa wa sufuria. Hili nalisema kwa moyo kabisa kwa sababu jiko la kujipikia ndo sababu ya sisi kukodi nyumba badala ya hoteli, halafu unafika unakuta sufuria tatu ndogo za kuchemshia yai na kisu hakikati nyanya. Mimi nabeba kisu changu na sufuria yangu kubwa kwenye buti la gari, safari zote. Uliza pia jiko lenyewe ni la aina gani. Nyumba za mashambani nyingine zina yale majiko makubwa ya chuma yanayowaka muda wote na kupasha nyumba nzima, hayana kitufe cha kupandisha moto, unahamisha sufuria kutoka upande wa moto mkali kwenda upande wa moto wa pole. Ukishayazoea yanapika vizuri mno, ila siku ya kwanza usipange kupikia wageni.

Mama_Wawili

Hapo kwenye kisu nakuunga mkono mia kwa mia!

usafi_na_funguo

Nimesoma uzi wote nimeona nichangie kutoka upande wa pili. Mimi naishi Kendal na kazi yangu ni kusafisha hizi kotegi, Ijumaa na Jumamosi ndo siku zetu za kubadilisha wageni. Watu wanakasirika kwa nini watoke saa nne asubuhi na wengine waingie saa kumi jioni. Kati ya hapo kuna saa sita, na ndani ya hizo saa sita mtu mmoja anaweza kuwa na nyumba zaidi ya moja, kutandika vitanda vyote, kusugua oveni, kusafisha bafu, kutoa majivu, kuangalia kila kijiko. Mkichelewa kutoka nusu saa tu, wale wanaofuata wanakuta sakafu bado mbichi.

Naomba niseme mambo machache ambayo yangeturahisishia sote.

Majivu ya stovu msimwage kwenye pipa la taka la plastiki. Makaa yanaweza yakakaa na moto ndani muda mrefu baada ya kuonekana yamezima. Kuna ndoo ya chuma pembeni ya stovu, kazi yake ndo hiyo, acheni humo humo sisi tutamwaga.

Choo. Nyumba nyingi za nje ya miji haziko kwenye mfumo wa maji taka wa mji, zina septiki yake bustanini, yaani tanki la maji taka. Mle ndani ni bakteria ndo wanafanya kazi. Waipsi hata zile zilizoandikwa zinayeyuka hazitakiwi, pampasi hazitakiwi, mafuta ya kupikia kwenye sinki hayatakiwi, na dawa kali za kumwaga chooni zinawaua wale bakteria. Ikiziba Jumamosi mchana fundi hapatikani hivi hivi bondeni, na anayekosa choo ni familia inayoingia jioni ile.

Maji pia. Kuna nyumba zinatumia chemchemi ya mlimani, sio maji ya kampuni. Nyumba ya kukodisha ya namna hiyo halmashauri inatakiwa iyapime maji yake kila mwaka, na kwa kawaida utakuta yanapitia chujio na taa maalumu ya kuua vijidudu. Kuna swichi imeandikwa usizime. Tafadhali msiizime mkidhani mnaokoa umeme.

Na ule mfumo wa joto soma karatasi iliyopo mezani kabla hujagusa. Nyingine ni hita zinazojaza joto usiku na kulitoa mchana, ukiziwasha asubuhi hazitoi kitu mpaka kesho yake, wageni wanapiga simu wanasema mbovu.

binti_wa_bandarini

Ubarikiwe sana, hili la hita nimewahi kulipata mahali pengine na hakuna aliyenielewesha mpaka leo. Na mashuka je, yanakuwepo?

usafi_na_funguo

Mashuka na duveti siku hizi sehemu nyingi yapo. Taulo ndo inategemea, soma tangazo. Kuna nyumba zinaruhusu mbwa na nyingine haziruhusu, kwa wale wenye aleji au ambao kwa dini yao hawataki kuswali pale mbwa alipolala, chagua ile iliyoandikwa haipokei wanyama kabisa. Ile iliyoandikwa tu kwamba wewe hutakuja na mbwa haisemi chochote kuhusu wageni waliotangulia. Sisi tunasafisha vizuri lakini nywele za mbwa kwenye kapeti na makochi hazitoki zote.

Kuna jambo lingine ningependa niseme japo sio la likizo moja kwa moja. Watu tunaofanya kazi hizi wengi hatuwezi kuishi kwenye vijiji tunavyovisafisha. Kijiji kama Elterwater nyumba nyingi ni za likizo au za watu wanaokuja wikiendi, nyumba ikiuzwa mtu wa hapa hawezi kushindana bei. Shule za vijijini zinakosa watoto, mabasi ya msimu wa baridi yanapunguzwa. Sisemi msije, mishahara yetu inatoka kwenu. Nasema mkija nunueni mkate dukani kijijini, panda basi la bonde, kula siku moja kwenye pabu ya hapo, msije na kila kitu kutoka mjini mkaacha taka tu.

mtembezi_wa_kaskazini

Hili ni la kweli na linauma. Serikali nayo imeanza kubana. Tangu Aprili 2023 nyumba ya England ikitaka kuhesabiwa ni biashara badala ya kulipiwa kodi ya nyumba ya kawaida, lazima iwe wazi kukodishwa siku 140 kwa mwaka na ikodishwe kweli siku 70. Aprili 2025 wakaondoa ile nafuu maalumu ya kodi waliyokuwa nayo wenye nyumba za likizo, na halmashauri zikaruhusiwa kuwatoza wenye nyumba ya pili mpaka mara mbili. Kama inasaidia wenyeji kupata nyumba sijaona bado kwa macho yangu, ila angalau suala limeanza kushughulikiwa.

Mpenda_Vilima

Nashukuru umelileta hilo ndugu yangu, ni haki lisemwe kwenye uzi kama huu. Mimi tangu nianze kuongea na wenyeji nimebadilisha vitu viwili. Nyumba natafuta ile ya mkulima anayeishi palepale shambani na kukodisha jengo la pembeni, maana ile hela inamsaidia abaki na kondoo wake, na mwenyeji yuko hatua chache ukipata shida. Halafu mahitaji ya kila siku nanunua kijijini hata kama bei imezidi kidogo.

Na mkiwa shambani, geti mlilolikuta limefungwa lifungeni. Masika ni msimu wa kondoo kuzaa, wenye mbwa, kwenye zile ardhi za wazi sheria inataka mbwa awe kwenye kamba fupi kuanzia tarehe 1 Machi mpaka 31 Julai. Watoto wasiwakimbilie wanakondoo hata kama wanavutia.

mtembezi_wa_kaskazini

Kabla uzi haujaenda mbali, usalama mlimani. Scafell Pike ni mita 978, ndo mrefu kuliko yote England, watu wanaudharau kwa sababu namba ni ndogo. Helvellyn una mita 950 na ule ukingo wake wa Striding Edge umeua watu. Ukungu ukishuka huoni miguu yako. Kwa familia anzeni na Cat Bells, mita 451, unapanda boti Keswick unashuka Hawes End unaanza kupanda, ila hata wenyewe una sehemu za kushika mwamba kwa mikono.

Beba ramani ya karatasi, simu mabondeni haishiki. Kabla hujaondoka nyumbani tuma neno "register" kwa 999, namba ya dharura ya hapa, ufuate maelekezo, ukishajiandikisha unaweza kuomba msaada kwa meseji mahali ambapo simu ya sauti haitoki. Ukipiga 999 omba polisi halafu waambie unahitaji uokoaji wa mlimani. Wale waokoaji ni watu wa kujitolea, wanaacha kazi zao na familia zao kuja kukutafuta, bila malipo. Ukifika kwenye kotegi andika mahali pa wazi anwani na postikodi, ukiita gari la wagonjwa usiku usianze kutafuta.

Na wanaoenda baridi waangalie tahadhari za mafuriko. Disemba 2015 kimbunga Desmond kilishusha milimita 341.4 pale Honister ndani ya saa 24, kijiji cha Glenridding kikajaa maji na barabara ya A591 kati ya Grasmere na Keswick ikakatika mpaka Mei mwaka uliofuata. Nyumba iliyo kando kabisa ya kijito, waulize kama iliwahi kuingia maji.

binti_wa_bandarini

Nimeamua naachana na Eskdale. Swali la mwisho wapendwa, nakwenda na mama yangu mzazi, magoti yanamsumbua, ngazi hawezi, lakini anapenda sana kutoka nje kuona mandhari. Mwishoni mwa Mei, watu wazima wanne na mtoto mmoja, gari tunalo. Mnanishauri bonde gani na niulize nini?

Mpenda_Vilima

Mpe mama shikamoo yangu. Mimi ningewaweka Keswick au kijiji cha Portinscale au Braithwaite hapo jirani, msiende ndani zaidi. Tafuta chumba cha kulala na bafu vyote chini, sio chumba chini bafu juu, hilo linawakuta watu. Uliza bafu ni la kuingia na kuoga umesimama au ni shawa juu ya beseni refu, maana lile la kuvuka ukingo kwa mwenye magoti ni kazi. Uliza kutoka gari linapopaki mpaka mlangoni kuna ngazi ngapi na njia ni ya mawe au lami. Omba wakutumie picha, mwenye nyumba mwema anatuma siku hiyo hiyo. Na mwisho wa Mei kuna likizo fupi ya shule, kwa hiyo angalia tarehe, ukiweza kurudi nyuma wiki moja bei inashuka na nafasi zinaongezeka.

Kwa mama kutembea, hifadhi ina orodha ya njia zisizo na vizuizi wanaita Miles without Stiles, zipo 50, za viti vya magurudumu na wenye shida ya miguu. Tarn Hows ni mojawapo, anazunguka ziwa taratibu na mabenchi yapo. Pale Keswick kuna njia ya zamani ya reli kwenda Threlkeld, iliharibiwa na Desmond wakaijenga upya ikafunguliwa Disemba 2020, kilomita 5 hivi, inafuata mto na haina milima. Anaweza kwenda anapoweza akarudi. Siku nyingine mpandisheni boti ya Derwentwater mzunguko mzima, anakaa tu.

usafi_na_funguo

Naongezea kwa mama, ukibuki waandikie wenye nyumba kwamba kuna mtu mzima ana shida ya magoti. Wakituambia mapema sisi wasafishaji tunaacha kiti cha bafuni kama kipo stoo, tunatoa vile vizulia vidogo vya sakafuni vinavyoteleza, na tunawasha joto mapema.